Kijerumani kwa anayeanza: mwongozo wa kupita kwenye der/die/das, dativi na kitenzi kinachokimbilia mwisho

Maswali ni yaleyale kila wiki. Kwa nini hapa ni dem na sio der? Hii den imetoka wapi tena? Mbona kitenzi kimeenda kukaa mwisho? Wanaouliza wengi wako A1 au A2 (ngazi za lugha zinaanza A1, A2, kisha B1, B2 na kuendelea), kuna wa au pair (kuishi na familia ukiwalelea watoto) ambao wanatakiwa A1, kuna wanaotafuta Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya unesi ambako mara nyingi utaambiwa lete B1 au zaidi, na wote wanakwama palepale. Sasa nimeona niyaweke yote sehemu moja, mtu akiuliza namtumia hii tu, tusichoshane.

Msimamo wangu niuseme mapema: usianze na jedwali. Lile jedwali la vijumba 16 (kesi nne, yaani maumbo manne kulingana na kazi ya nomino kwenye sentensi, mara der, die, das na wingi) wengi wanalikariri usiku kucha na asubuhi wakifungua mdomo hakuna linalotoka, maana ukiongea na mtu huna muda wa kutafuta kijumba. Unachohitaji ni maswali machache unayojiuliza kwa mpangilio uleule kila sentensi. Na mengi ya maswali hayo Kiswahili chako tayari kinayajibu, ila kuna sehemu chache ambazo Kiswahili hakitofautishi kitu na Kijerumani kinatofautisha, hapo ndo wote tunadondoka.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Daftari moja la nomino tu, na kalamu za rangi tatu. Bluu der, nyekundu die, kijani das, au rangi zako mwenyewe ila usibadilishe katikati.
- Kamusi inayoonyesha jinsia na wingi wa neno. Duden ipo mtandaoni bure. Programu za kutafsiri zisikuwe kamusi yako, zinakupa "Tisch" halafu basi, der yake hamna.
- Kibodi ya Kijerumani kwenye simu. Usidharau vile vidoti, schon ni "tayari" na schön ni "-zuri". Ukikosa kabisa andika ae, oe, ue, na ß weka ss, wataelewa.
- Uwe unaweza kunyambua sein, haben na vitenzi vya kawaida vya wakati uliopo. Kama "du machst, er macht" bado inakutoa jasho, rudi huko kwanza, huku utachanganyikiwa bure.

Kuhusu majina ya kesi: kitabuni utakuta Nominativ, Akkusativ, Dativ na Genitiv, mimi ntaandika nominativi, akusativi, dativi na genitivi. Ya mwisho tunaiacha kwanza, hadi B1 unaweza kuishi nayo mbali.

Hatua ya 1: Nomino usiibebe bila der, die au das yake

Wewe una ngeli kichwani tangu mtoto. Hujawahi kusema "kiti mzuri", na hakuna aliyekuwekea jedwali. Wazo la kwamba nomino inaamrisha maneno mengine yafuate nayo unalo, Mjerumani ana makundi matatu tu, na wingi wote ni die. Tofauti ni kwamba sisi ngeli mara nyingi tunaiona mwanzoni mwa neno, kwao angalia mwisho:

- -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion, -tät: die, bila mjadala. Die Wohnung, die Gesundheit, die Universität.
- -chen na -lein: das. Ndo maana msichana ni das Mädchen, sio kwamba wanamdharau.
- -ling na -ismus: der. Pia siku, miezi na majira ya mwaka: der Montag, der Juli, der Winter.
- Kitenzi kilichogeuzwa nomino: das. Das Essen, das Schreiben.
- Neno linaloishia -e: mara nyingi die, lakini kuna waasi (der Name, der Käse, das Ende).

Maneno marefu yaliyounganishwa yasikutishe, linaloamua ni neno la mwisho. Wa unesi chukueni hii: das Krankenhaus, der Krankenwagen, die Krankenschwester. Mwanzo ni uleule, ila Haus ni das, Wagen ni der, Schwester ni die, basi na mzigo mzima unafuata huko.

Onyo: usitafute mantiki kwenye kitu chenyewe. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer, vyote viko meza moja. Ukianza kujiuliza uma una uanamke gani utapoteza wiki.

Onyo lingine, hili la kwetu hasa. "Yeye" yetu haina mwanamke wala mwanaume, kwahiyo er na sie zinatuponyoka hata watu wa B2, unamwongelea mama yako unasema er. Na kwa vitu pia, der Schlüssel ukishautaja unaurudia kwa er: Wo ist der Schlüssel? Er liegt auf dem Tisch. Sio es. Es ni ya das.

Hatua ya 2: Weka kitenzi kwanza, mengine yatafuata

Ukitaka kujenga sentensi usianze kuhangaika na der na dem, anza na kitenzi kikae wapi.

Sentensi ya kawaida, kitenzi kinakaa nafasi ya pili. Nafasi ya pili, sio neno la pili. "Kesho naenda Arusha" ni Morgen fahre ich nach Arusha. Kosa namba moja la wanaoanza ni "Morgen ich fahre", kwa sababu kwetu ukitanguliza "kesho" hakuna kinachosogea. Na nafasi ya kwanza inaweza kubeba maneno matano: Am nächsten Montag um acht beginnt der Kurs. Yote yale kabla ya beginnt ni nafasi moja.

Vitenzi vikiwa viwili, kile kilichonyambuliwa kinabaki nafasi ya pili na mwenzake anaenda mwisho kabisa. Ich muss morgen früh arbeiten. Ich habe gestern Reis gekocht.

Halafu kuna vile vinavyokatika, anrufen, aufstehen, einkaufen na ndugu zao. Kichwa kinaenda mwisho: Ich rufe dich heute Abend an. Hapa sio suala la kuandika tu, ni la kusikiliza pia. Mtu akisema "Er macht die Tür..." bado hujui lolote, maana akimalizia auf amefungua mlango na akimalizia zu amefunga. Kwahiyo vumilia hadi neno la mwisho ndo utikise kichwa.

Sasa weil, dass, wenn, ob, obwohl. Hizi zikiingia zinasukuma kitenzi kilichonyambuliwa hadi mwisho wa kipande chake: Ich komme nicht, weil ich krank bin. Ukianza na kipande hicho, unapata vitenzi viwili vinagusana na mkato katikati, usiogope, ndo inavyotakiwa: Weil ich krank bin, komme ich nicht. Ila und, aber, oder, denn na sondern hazisukumi chochote. Mtaani Ujerumani utasikia watu wanasema "weil ich bin krank", waache, wao hawafanyi mtihani.

Hapohapo kuna als, wenn na ob, watu wanachanganya sana, na Kiswahili kinakusaidia vizuri:

- "Nilipo-" ya tukio la mara moja lililopita: als. Nilipokuwa mtoto, als ich ein Kind war. Nilipofika Nairobi, als ich in Nairobi ankam.
- "-ki-" na "kila ni-": wenn. Nikifika nitakupigia, wenn ich ankomme, rufe ich dich an.
- "Sijui kama": ob. Ich weiß nicht, ob er kommt. Kosa la kila siku ni kuweka wenn hapa kwa sababu "kama" yetu inafanya kazi zote mbili.

Hatua ya 3: Nani anatenda, nini kinatendwa, nani anapokea

Chukua "Nimemnunulia mama simu". Hujawahi kuelewa kwamba mama ndo amenunuliwa dukani, kwa nini? Kwa sababu -lia kwenye kitenzi inakuambia mama ni mpokeaji. Mjerumani hana hiyo -lia, kwahiyo alama anaiweka kwenye mama mwenyewe: Ich habe meiner Mutter ein Handy gekauft. Ich anatenda, nominativi. Ein Handy inatendwa, akusativi. Meiner Mutter anapokea, dativi.

Kwahiyo ukiona kitenzi chako cha Kiswahili ni cha kutendea, nunulia, pikia, andikia, letea, au ni -pa, ambia, onyesha, yule mtu ana harufu ya dativi.

Tatizo liko kwenye -m-. "Nimemwona mwalimu" na "nimempa mwalimu daftari", zote -m-, lakini Ich habe den Lehrer gesehen na Ich habe dem Lehrer das Heft gegeben. Jiulize, kuna kitu kinatoka mkono mmoja kwenda mwingine? Kipo, daftari, basi mwalimu ni mpokeaji. Hakipo, basi yeye mwenyewe ndo katendwa.

Mabadiliko yenyewe sio mengi kama watu wanavyotisha:

- Akusativi: kinachobadilika ni der tu, anakuwa den (ein anakuwa einen). Die, das na wingi hawajigusi.
- Dativi: der na das wanakuwa dem, die anakuwa der, wingi unakuwa den na nomino inaongezewa -n, mit den Kindern. Yenye -n au -s ya wingi tayari hairuhusu nyingine.

Hiyo der ya dativi ndo inawamaliza watu. Mit der Frau, mtu anaona der anadhani Frau amekuwa wa kiume. Hapana, ni die imevaa nguo za dativi.

Na baada ya sein hakuna akusativi. Er ist ein guter Lehrer, sio einen.

Kisha kuna vitenzi vinavyotaka dativi hata kama hakuna kitu kinachohama: helfen, danken, antworten, gefallen, gehören, schmecken, passen, fehlen. Ich helfe dir, sio dich. Das Kleid gefällt mir, gauni linanipendeza, na hapa sentensi ya Kiswahili imekaa sawa kabisa na yao, gauni ndo mtendaji. Viandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

Onyo: hila ya -ia haifanyi kazi kote. "Nakupigia simu" ina -ia safi kabisa lakini Kijerumani ni Ich rufe dich an, akusativi. Na kuuliza ni dich, kujibu ni dir: ich frage dich, du antwortest mir. Usiniulize kwa nini.

Hatua ya 4: Ile -ni, je uko au unaenda?

Hapa naomba utulie maana ndo penyewe. Kiswahili tunasema "niko jikoni" na "naenda jikoni". Jikoni haijabadilika hata herufi moja, kazi yote imefanywa na kitenzi. Mjerumani anabadilisha jiko: Ich bin in der Küche, Ich gehe in die Küche. Uko, dativi. Unaingia, akusativi. Masikio yetu hayajazoea kusikiliza tofauti hiyo ndo maana tunaipita.

Inahusu maneno tisa tu: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Kwa haya tisa swali ni wo (wapi uko) au wohin (wapi unaelekea).

Fanya hivi sasa hivi na glasi ya maji. Ishike, iweke mezani huku unasema: Ich stelle das Glas auf den Tisch. Iache, iangalie, sema: Das Glas steht auf dem Tisch. Rudia na daftari ukilaza: Ich lege das Heft auf den Tisch, kisha Das Heft liegt auf dem Tisch. Stellen na legen ni kazi ya mkono wako, akusativi. Stehen na liegen kitu kimetulia, dativi. Ifanye nyumba nzima, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati, watu watakuona umepagawa lakini ndani ya siku chache hutafikiria tena.

Kosa kubwa hapa: watu wanaambiwa "kukiwa na mwendo ni akusativi". Sio kweli. Ich laufe im Park (im ni in dem), nakimbia, jasho linanitoka, na bado ni dativi, kwa sababu nimo humohumo ndani ya bustani. Ich laufe in den Park, nilikuwa nje sasa naingia. Swali sahihi ni je, mahali pamebadilika, sio je, miguu inatembea.

Maneno mengine hayaulizi swali lolote, kariri tu kama wimbo. Akusativi daima: durch, für, gegen, ohne, um. Dativi daima: aus, bei, mit, nach, seit, von, zu. Ich gehe zum Arzt (zum ni zu dem) ni mwendo na mahali pamebadilika, lakini zu haijali, yeye ni dativi hadi kufa.

Nchi nyingi ni nach: nach Kenia, nach Tansania, nach Deutschland. Zenye die yake ni in: in die Schweiz, in die Türkei, in die USA. Na nyumbani ni jozi ya kukariri: nach Hause naenda, zu Hause nipo.

Hatua ya 5: Vivumishi, haraka haraka

Alama ya jinsia na kesi lazima ionekane sehemu moja. Kama der, dem, den tayari imeionyesha, kivumishi kinapumzika na -e au -en: der kleine Hund, mit dem kleinen Hund. Kama ein imekaa uchi bila mwisho, kivumishi ndo kinabeba: ein kleiner Hund, ein kleines Kind. Dativi yenye der au ein mbele yake, siku zote -en. A2 hiyo inatosha, usikonde.

Hatua ya 6: Nein, kein na doch

"Sina gari" ni Ich habe kein Auto, usiseme nicht ein Auto. Nomino isiyo na der au yenye ein, tumia kein. Mengine nicht.

Sasa swali la kukanusha. Kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "ndiyo, sijala", unakubaliana na alichosema. Kijerumani ukiulizwa Hast du nicht gegessen? na hujala, jibu ni Nein. Umekula? Jibu ni Doch. Ja hapa haina kazi, utamwacha mtu anakukodolea macho hajui akupakulie au asikupakulie. Kwenye mahojiano ya simu hii imewachanganya wengi, wanaulizwa kama hawana cheti fulani wanasema ja kwa adabu kabisa.

Ukikwama

*Naelewa yote darasani, nikiongea napotea.* Unajaribu kurekebisha yote kwa pamoja. Wiki moja kazi yako iwe kitenzi tu, der na die kosea unavyotaka. Mjerumani akisikia jinsia si yake bado anakuelewa, kitenzi kikiwa si mahali pake anapotea na wewe.

*Niko kwenye mtihani, jinsia ya neno siijui.* Unakumbuka wingi wake? Utumie, wingi wote ni die. Haiwezekani? Angalia mwisho wa neno kama hatua ya 1. Imeshindikana kote, kisia na uendelee, usipoteze dakika mbili kwenye neno moja. Mtihani wa B1 wa taasisi ya Goethe, sehemu ya kuandika ni dakika 60 kwa kazi tatu, acha tano za mwisho za kukagua na ukague kwa mpangilio: vitenzi vyote kwanza, halafu maneno ya hatua ya 4, halafu ndo der na die.

*Sie, sie, hizi sie ngapi?* Angalia kitenzi. Sie kommt, yeye mwanamke. Sie kommen, wao, au wewe wa heshima, ambaye kwenye maandishi ana S kubwa popote alipo. Mtu mzima usiyemjua mpe Sie hadi mwenyewe aseme tutumie du. Kwetu shikamoo imeshamaliza adabu halafu unaendelea na "wewe", kwao adabu inabebwa na kitenzi hadi mwisho wa maongezi.

*Perfekt (wakati uliopita kama ich habe gekocht), nitumie haben au sein?* Umetoka sehemu kwenda nyingine (gehen, fahren, kommen, fliegen) au hali imegeuka (aufwachen, einschlafen, sterben): sein. Ongeza bleiben na sein yenyewe. Mengine karibu yote haben.

*Nilisema nasikia joto wakacheka.* Ulisema Ich bin heiß. Hiyo inaenda chumbani. Sema Mir ist heiß, na baridi Mir ist kalt, dativi. Njaa ni Ich habe Hunger.

*Niliambiwa halb acht nikachelewa saa nzima.* Halb acht ni nusu kuelekea nane ya saa yao, yaani 7:30, saa moja na nusu yetu. Sio 8:30.

*Na genitivi je?* Ukifika B1 anza na wegen: mtaani utasikia wegen dem Regen, kwenye karatasi andika wegen des Regens. Hadi hapo "gari la baba" liache liwe das Auto von meinem Vater, hakuna atakayekukamata.